SOMO LA 12: KWA NINI WENGINE HUCHELEWA KUUGUA?

Watu wawili waliambukizwa virusi vya UKIMWI mwaka mmoja. Hawakutumia dawa. Mmoja aliugua baada ya miaka 3. Mwingine alimaliza miaka 15, bado analima shamba lake. Kwa nini?

Damu yetu ina chembe nyeupe. Hizo ni askari wa mwili. Virusi huingia ndani ya baadhi ya askari hao, huzaana humo, kisha huwaua. Askari wakipungua sana, kifua kikuu na maradhi mengine hupata njia. Huo ndio UKIMWI. Bila dawa, wengi hufikia hali hiyo baada ya miaka 8 hadi 10 hivi.

Lakini miili hailingani. Watu wachache wamerithi askari hodari. Askari hao hutambua upesi chembe zilizoingiliwa na virusi, wakaziua. Virusi huzaana kidogo tu. Umri nao una kazi yake: aliyeambukizwa uzeeni huugua mapema kuliko kijana. Tena virusi ni vya aina mbili. Aina ya pili, inayoonekana zaidi Afrika Magharibi, huenda polepole.

Angalia, ndugu msomaji. Yule mkulima alionekana mzima, lakini aliweza kumwambukiza mwenzake. Uso hauonyeshi yaliyomo damuni. Usingoje kuugua. Nenda zahanati ukapime. Ukiwa na virusi, anza dawa mara moja, unywe kila siku. Dawa huzuia virusi kuzaana, na askari huongezeka tena.

Maswali
1. Virusi hushambulia nini mwilini?
2. Kwa nini hatumjui aliyeambukizwa kwa kumtazama?