Spika ya koni moja: utengeneze mwenyewe au ununue ya koni nyingi? Vidokezo 9

Ukiingia duka la vifaa vya muziki, macho hukimbilia spika ndefu zenye koni tatu au nne, na muuzaji naye hufungulia besi mpaka vioo vya kabati vitetemeke. Lakini ipo njia nyingine, ya zamani na rahisi: koni moja ndani ya boksi la mbao, inayotoa kila sauti, nene na nyembamba. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani walieleza spika ya namna hiyo mwaka 1925, na mpaka leo wapo wapenzi wa muziki wanaojitengenezea nyumbani. Kwa mtu anayethamini sauti ya mwimbaji, ni kazi ya mikono inayolipa. Kabla hujatoa pesa, pitia haya.

1. Anza na unachosikiliza. Kama nyumbani kwako husikika zaidi taarab, kaswida, kwaya, magitaa ya dansi la zamani au taarifa ya habari, na sebule ni ya kawaida, koni moja itakufaa sana. Kama unataka singeli ya kuchezesha uwanja mzima siku ya harusi, nunua spika za koni nyingi bila kusita. Koni ndogo ukiilazimisha kazi hiyo utaiunguza.

2. Jua koni moja inashinda wapi. Spika yenye wufa (koni ya sauti nene) na tuita (ya sauti nyembamba) hugawa sauti kwa krosova, mara nyingi kati ya hezi 2,000 na 3,000. Hapo ndipo sikio la binadamu linapokuwa jepesi zaidi kunasa kasoro. Krosova ikiwa mbovu, mwimbaji hugawanyika: sehemu ya sauti yake yatoka chini, sehemu yatoka juu. Koni moja haina mpaka wa kuvuka. Fumba macho, na utamsikia mwimbaji amesimama mahali pamoja, pumzi na maneno yakitoka kinywa kimoja.

3. Kubali mipaka yake. Besi ni kusukuma hewa. Koni ya inchi 4 ina eneo la takriban sentimita 50 za mraba, ilhali ya inchi 12 ina kama 500. Tena kila sauti inaposhuka oktavu moja, koni hutakiwa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi ili ukubwa wa sauti ubaki uleule. Sauti nyembamba nazo zina shida yake: hutoka kwa mwale mwembamba. Anayekaa pembeni ya chumba hupata pungufu.

4. Ukinunua, usihesabu koni. Boksi lenye koni nne na krosova ya kapasita moja halimshindi mwenzake wa koni mbili zilizopangwa vizuri. Mfano mzuri ni LS3/5A iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo: koni mbili tu, boksi dogo, lakini krosova iliyofanyiwa kazi kwa makini. Usibabaishwe pia na maelfu ya wati za PMPO. Uliza za RMS, yaani zile inazoweza kutoa mfululizo. Kama spika ina amplifaya ndani, geuza mgongo wake usome inakula wati ngapi za umeme. Ikiandikwa 60, haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya 60, hata kama mbele wamebandika 5,000.

5. Ukitengeneza, nunua koni yenye karatasi ya vipimo. Fostex ya Japani, Tang Band ya Taiwan, Visaton ya Ujerumani na Dayton Audio ya Marekani hutoa karatasi hizo. Tafuta kipimo kiitwacho Qts, kimojawapo cha vile vilivyotokana na kazi ya wahandisi Neville Thiele na Richard Small. Kwa kuanzia: chini ya 0.4, boksi lenye tundu la hewa. Kati ya 0.4 na 0.7, boksi lililofungwa kabisa. Zaidi ya hapo, fikiria ubao wazi usio na boksi. Watengenezaji wengi hupendekeza na ujazo wa boksi kwa lita. Ufuate.

6. Mpe seremala vipimo vya ndani. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tuseme unataka sentimita 16 kwa 20 kwa 30 kwa ndani, yaani lita 9.6. Seremala akivichukua kuwa vya nje, na ubao ni wa milimita 18, ndani kutabaki lita 5.4 tu, karibu nusu imepotea. Mwandikie kabisa: upana wa nje 19.6, kina 23.6, urefu 33.6. Chagua MDF au plaiwudi nzito, na kila kiungo kipate gundi urefu wote, si misumari peke yake.

7. Ziba, jaza, kisha pima kwa betri. Weka utepe wa sponji chini ya fremu ya koni na utandaze pamba ya mito kwenye kuta za ndani. Halafu chukua betri ya volti 1.5 na ugusishe waya kwa sekunde moja, chanya kwenye chanya. Koni iruke mbele. Fanya hivyo kwa spika zote mbili. Moja ikirudi nyuma, badilisha nyaya zake. Usipofanya hivyo besi itafifia na mwimbaji hatakaa katikati.

8. Ziweke karibu na ukuta, zikutazame. Boksi lenye uso wa upana wa sentimita 20 huanza kupoteza nguvu chini ya hezi 600 hivi, kwa sababu sauti nene huzunguka kwenda nyuma. Ukuta huirudisha sehemu yake. Zielekeze masikioni mwako, koni zikiwa usawa wa kichwa ukiwa umekaa. Amplifaya kubwa ya nini? Koni inayotoa desibeli 88 kwa wati moja, ikipewa wati 8, hufika desibeli 97 umbali wa mita moja, nazo hizo ni kelele za kutosha sebuleni.

9. Sabufa inaweza kuja baadaye. Huhitaji kuchagua upande mmoja milele. Anza na jozi ya koni moja, ishi nayo, uzoee uwazi wake. Ukiona besi ya chini inakukosesha raha, ongeza sabufa inayobeba kazi chini ya hezi 100, na uzizuie koni zako zisipokee sauti hizo. Mgawanyo huo hauigusi sehemu ya juu inayobeba maneno, na koni ikitua mzigo wa besi hupaza zaidi bila kukwaruza. Kwa mwenye bajeti ndogo na mapenzi makubwa ya muziki, huo ndio mpango ninaoupendekeza: tengeneza kwanza kinachobeba sauti ya mtu, besi nzito uinunue ukiihitaji.