Picha Moja, Majibu Mawili: Programu Tegemezi katika Upimaji wa Ubongo

Ubongo wa mtu mwenye ugonjwa wa Alzeima hunywea. Hipokampasi, sehemu ndogo inayohusika na kumbukumbu mpya, hupungua ujazo kwa takribani asilimia 4 hadi 5 kila mwaka. Kwa mzee asiye na ugonjwa huo upungufu ni kama asilimia 1 na nusu. Kiasi hicho ni kidogo mno kukadiriwa kwa macho. Hupimwa na programu za kompyuta zinazosoma picha za MRI, na mojawapo inayotumika sana katika utafiti ni FreeSurfer.

Mwaka 2012 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walichapisha katika jarida la PLoS ONE matokeo ya kushtua kidogo. Walipitisha picha zilezile za ubongo katika matoleo matatu ya FreeSurfer. Ujazo wa sehemu za ubongo ulitofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8, na unene wa gamba la ubongo kwa asilimia 2.8. Hata pale toleo la FreeSurfer lilipobaki lilelile, ikabadilishwa aina ya kompyuta tu, au mfumo endeshi wa Mac kutoka 10.5 kwenda 10.6, tofauti zilionekana, zikiwa takribani nusu ya hizo. Mgonjwa aliyepimwa mwaka jana na mwaka huu, kompyuta ikiwa imesasishwa katikati, anaweza kuonekana amepoteza ubongo ambao hajaupoteza. Au, jambo baya zaidi, ubongo unaonywea ukaonekana haujabadilika.

Chanzo ni kwamba programu ya kisayansi haifanyi kazi peke yake. Huazima hesabu zake kutoka programu nyingine ndogondogo, ziitwazo maktaba, na baadhi ya hizo huja na mfumo endeshi wenyewe. Mwaka 2015 Tristan Glatard na wenzake walionyesha kuwa matoleo mbalimbali ya maktaba ya hesabu ya Linux hutofautiana katika tarakimu za mwisho kabisa baada ya nukta. Tofauti hiyo ni ndogo kupita kiasi. Lakini uchambuzi wa picha hupita hatua nyingi, kila moja ikijengwa juu ya iliyotangulia, na palipo na mpaka kati ya tishu mbili, tarakimu hiyo hutosha kuhamisha nukta ya picha kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mambo haya hayako kwenye picha pekee. Programu ya takwimu ya R, katika toleo la 3.6.0 la mwaka 2019, ilibadilisha namna ya kuchagua sampuli nasibu. Mbegu ileile ya nasibu, ikiingizwa katika toleo la zamani na jipya, hutoa orodha mbili zisizolingana. Katika jaribio la dawa, orodha hiyo ndiyo huamua nani apewe dawa ipi.

Kwa hiyo anayefanya utafiti asisasishe chochote katikati ya kazi. Akilazimika, apime upya picha zote, za zamani na mpya, kwa toleo moja. Hivyo ndivyo walivyoshauri watafiti wa Maastricht. Aorodheshe pia matoleo yote yaliyotumika, kazi ambayo renv huifanya kwa watumiaji wa R na conda kwa programu nyingi nyinginezo. Docker huenda mbali zaidi: hufungasha programu pamoja na maktaba zake katika kontena moja linalohamishika kutoka Windows hadi Linux. Hata hivyo kontena halibadilishi kichakato cha kompyuta, na kwa maoni yangu wengi huliamini kupita kiasi. Ni busara kupima picha chache zinazojulikana kwenye kila kompyuta mpya kabla ya kuikabidhi kazi.

Nawe mgonjwa, unapopewa ripoti ya vipimo vya ubongo, omba na nakala ya picha zenyewe. Ripoti hubeba namba za siku ile. Picha zaweza kupimwa tena miaka mitano baadaye, pamoja na mpya, kwa programu moja.