Kingamwili Zinapogeuka: Aina Adimu ya Upungufu wa Damu na Jina Lake

Utangulizi
Katika Pwani ya Kenya, kuanzia Kilifi hadi Malindi, upungufu wa damu huhusishwa kwanza na malaria, minyoo ya safura, lishe duni na ugonjwa wa selimundu. Hizo ndizo sababu za kawaida. Hata hivyo, ipo aina adimu ambayo chanzo chake ni mwili wenyewe. Makala haya yanaifafanua aina hiyo na tatizo la kuieleza kwa Kiswahili.

Jinsi damu inavyoharibiwa
Chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120. Kingamwili ni protini zinazotambua vijidudu na kujishikiza kwavyo ili viangamizwe. Katika maradhi haya, kingamwili hujishikiza kwenye chembe nyekundu za mwili wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Kingamwili za aina ya joto hutenda kazi katika joto la kawaida la mwili, na chembe zilizonaswa huharibiwa hasa katika wengu. Za aina ya baridi hutenda kazi zaidi joto linaposhuka. Mgonjwa huchoka, viganja hupauka, macho huwa ya manjano na mkojo huweza kukoza rangi.

Utambuzi na tiba
Mwaka 1945, Coombs, Mourant na Race walieleza kipimo kinachotumika hadi leo. Chembe za mgonjwa huoshwa, kisha hutiwa kingamwili zinazotambua protini za binadamu. Zikishikamana, ni ishara kwamba zimevikwa kingamwili. Pwani pana tahadhari: malaria nayo huweza kukifanya kipimo hicho kiwe chanya. Kwa hiyo vimelea vya malaria havina budi kutafutwa pia.

Vidonge vya madini ya chuma haviuzuii uharibifu huu. Aina ya joto hutibiwa kwanza kwa dawa kama prednisoloni. Kuoanisha damu ya kuongezwa ni kugumu, ila aliye hatarini hanyimwi damu kwa sababu hiyo.

Hitimisho
Neno "kingamwili" limeundwa kwa "kinga" na "mwili". Mzazi akiambiwa kwamba kingamwili zimeonekana katika damu ya mwanawe, aweza kufurahi badala ya kushtuka, akaacha dawa. Yafaa aambiwe wazi: "Kinga ya mwili wake inaiharibu damu yake." Maelezo marefu yanayoeleweka ni bora kuliko istilahi fupi inayopotosha.