Usimnyime Maji Mtoto Aliyekula Tikiti

SWALI: Daktari, hununua matikiti kwa wakulima hapa Ruaha Mbuyuni, na yaliyo mabichi huyaweka chini ya kitanda yaive. Juzi nilikata moja, mwanangu wa mwaka mmoja na nusu akala, na usiku akaanza kuharisha. Bibi yake anasema tikiti ni maji matupu, hivyo asinyweshwe maji mengine mpaka tumbo likauke, ila apewe majani ya mpera yaliyochemshwa. Je, tikiti lilikuwa na sumu? Nimsikilize bibi?
Mama, Ruaha Mbuyuni

JIBU: Mama, iwapo mwanao angali anaharisha usomapo haya, lifunge gazeti umpeleke zahanati kwanza, yaliyosalia yatakungoja.

Dhana hii ya kwamba mtoto anayeharisha anyimwe maji ili tumbo likauke nimeisikia mara zisizo na idadi, kwa mabibi wenye huruma na kwa akina baba waliosoma, na kila niisikiapo hunishika huzuni, maana aghalabu mtoto aliyepakatwa na msemaji macho yamekwisha kuzama, midomo imekauka, na analia bila ya chozi hata moja. Habari za utumbo mdogo na mkubwa naziacha, kwa kuwa hazitakufaa. Lililo muhimu ni kwamba maji na chumvi za mwili hutoka pamoja na kinyesi, na mtungi uliotoboka hauzibiki kwa kuachwa bila ya kujazwa. Majani ya mpera, pamoja na nia njema ya bibi, hayairudishi chumvi iliyopotea, na saa zinazopita yakichemshwa na kungojewa ndizo saa ambazo mtoto huzidi kukauka. Kadhalika usimpe vidonge vya Flagyl vilivyobaki kabatini tangu alipougua mtu mwingine.

Koroga pakiti moja ya ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, umnyweshe robo hadi nusu kikombe kila aharishapo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena kijiko kimoja kimoja. Aendelee kunyonya na kula. Zahanati atapewa na zinki, ambayo sharti aimalize kwa siku zote atakazoandikiwa, hata kama kuharisha kumekoma.

Ama tikiti lenyewe, halina sumu. Nyama ya tikiti zima, lisilopasuka, aghalabu ni safi. Uchafu hukaa juu ya ganda, lililolala juu ya udongo, samadi na maji ya kumwagilia, na kisu kipitacho katika ganda lisilooshwa huuchukua uchafu huo mpaka ndani. Mwaka 2011 matikiti yenye nyama ya rangi ya chungwa kutoka shamba moja la Colorado, Marekani, yaliyochafuka kwa vijidudu baada ya kuvunwa, yaliwaua watu 33. Basi lisugue ganda kwa brashi chini ya maji safi yanayotiririka, ulikaushe kwa kitambaa safi, na ulikate kwa kisu na ubao visivyogusa nyama mbichi, baada ya kuiosha mikono yako kwa sabuni. Tikiti halina ukali wa ndimu uwezao kuvizuia vijidudu. Kwa hiyo, katika joto la bondeni kwenu, kipande kilichokaa nje zaidi ya saa moja kisiliwe, wala usinunue vipande vilivyopangwa juu ya sinia wazi mabasi yasimamapo, nzi wakitua, na muuzaji akikichovya kisu katika ndoo ileile tangu asubuhi.

Kuhusu kitanda, mama, unajisumbua bure. Tikitimaji likishachumwa haliongezi utamu abadan, hata ulifunike mwezi mzima. Chagua lililo zito kuliko umbo lake, lenye baka la njano iliyokolea upande uliolalia ardhi, na ganda lililopoteza mng'ao. Baka jeupe ni dalili ya tikiti lililochumwa mapema. Lile tikiti dogo lenye harufu nzuri na nyama ya rangi ya chungwa ndilo hulainika likiwekwa siku chache, ingawa utamu wake nalo huupata likiwa bado kwenye mmea.

Nakuonya kwa mara ya mwisho juu ya kuchelewa. Mtoto ambaye macho yamezama, ambaye ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, ambaye amelegea au hawezi kunywa, ambaye hutapika kila anachopewa, au ambaye kinyesi chake kina damu, ni mgonjwa wa kufikishwa zahanati saa ileile. Ukiona hata moja katika dalili hizo, usingoje kukuche wala rai ya jirani: mbebe, uende ukimnywesha njiani.