Binti anakwenda Marekani

SWALI: Binti yangu amepata nafasi ya kusoma Marekani mwaka mmoja kwa mpango wa YES. Familia itakayompokea inalipwa kiasi gani? Akimaliza, anaweza kubaki? – Mama, Tanga

JIBU: Hailipwi hata senti; wenyeji hujitolea. Mpango huo, ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002, hugharamia nauli, bima na posho ya kila mwezi.

Kubaki ni habari nyingine. Mwanafunzi huingia kwa viza ya J-1, na kwa kuwa amefadhiliwa na serikali, hutakiwa kukaa nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu.

Fomu yake ya DS-2019 isizikwe sandukuni chini ya khanga za zawadi. Ofisa wa uhamiaji huidai uwanjani kabla abiria hajafika kwenye mizigo. Ikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na pasipoti.

Na simu? Mwezi Agosti, saa 2 usiku Tanga ni saa 6 mchana Chicago: binti yuko shuleni. Novemba, saa za kule zikirudishwa nyuma, tofauti hutoka saa 8 hadi 9.