SOMO LA ROBO HII: KUKARABATI CHOMBO CHA ZAMANI BILA KUKIPOTEZA



Huenda msomaji wa Kisiwani akauliza: sisi tulio chini ya Milima ya Upare tunahusianaje na vyombo vya majini? Kijiji chetu kinaitwa Kisiwani lakini bahari hatuioni. Hata hivyo, jirani zetu wa Mwanga huvua katika Ziwa Jipe na katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Zaidi ya hapo, kanuni za kukarabati mtumbwi wa zamani ndizo zinazotufaa tunapokarabati ndiva, kengele, mabenchi au nyumba ya zamani ya misheni.

Lengo la somo

Mwisho wa somo hili kamati iweze: (a) kueleza tofauti ya kukarabati na kutengeneza upya, (b) kufuata hatua za kazi kwa utaratibu, (c) kuamua mahali panapofaa kuandika jina la mfadhili.

Tujifunze kwa mtepe

Zamani pwani yetu ilikuwa na chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la mraba, lililosukwa kwa majani kama mkeka. Omo yake ilichongwa mfano wa kichwa cha ngamia, na kando yake yalichorwa macho. Wareno waliofika Msumbiji mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama waliandika habari za vyombo vilivyofungwa kwa kamba bila misumari, vyenye matanga ya mikeka.

Wajenzi mashuhuri wa mitepe walikuwa Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha baharini, na hakuna hata mmoja uliohifadhiwa. Mwaka 2003 ulipojengwa mtepe wa mfano wenye ukubwa kamili kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, ilibidi kutegemea mifano midogo, picha na maandishi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo la mwaka 1883 ilianguka. Kitu kikishatoweka, kukirudisha ni gharama kubwa, na hata kikirudishwa hakiwi kile cha kwanza.

Hatua za kazi

1. *Amueni matumizi kwanza.* Je, chombo kitarudi majini au kitawekwa kwa kumbukumbu? Kikirudi majini, usalama wa watu unatangulia, na ubao dhaifu lazima uondolewe. Kikiwa cha kumbukumbu, ubao wa zamani ubaki kadiri inavyowezekana.

2. *Andikeni kabla ya kushika nyundo.* Pimeni urefu, upana na kina. Pigeni picha pande zote, ndani na nje. Waulizeni wazee: nani alikichonga, kwa mti gani, na kilipakwa rangi gani.

3. *Kikaushwe taratibu kivulini.* Mtumbwi uliotolewa majini na kuachwa juani hupasuka. Kikiwa cha mbao zilizounganishwa, hulowekwa tena kabla ya safari ili mbao zivimbe na kuziba nafasi.

4. *Tafuteni uozo.* Gongeni kwa nyundo ya mti. Mbao nzima hutoa mlio mkavu, iliyooza hutoa mlio mzito. Chomeni kidogo kwa ncha ya kisu mahali penye mashaka.

5. *Badilisheni palipooza tu.* Tumieni mti wa aina ileile na kiungo cha namna ileile. Ngalawa nyingi za Zanzibar huchongwa kwa mwembe; hiyo basi itiwe kiraka cha mwembe. Mtumbwi wa gogo moja unahitaji mti mkubwa, na miti ya namna hiyo imepungua sana. Kila mtumbwi unaoponywa ni mti mmoja uliobaki msituni.

6. *Zibeni kwa njia ya mafundi wa zamani.* Fundi wa pwani hukalafati kwa pamba iliyotiwa mafuta, akiisukuma kati ya mbao. Sehemu ya chini hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Mbao za juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Msitie saruji: mbao huvimba na kusinyaa, saruji haifanyi hivyo, kwa hiyo itaachia na maji yatajificha nyuma yake. Vilevile msipake rangi nzito juu ya mbao mbichi, kwani unyevu utafungiwa ndani.

7. *Rangi na mapambo yafuate ushahidi.* Kwangueni mahali padogo muone tabaka za rangi moja baada ya nyingine. Mkikuta jina, jicho au mistari, nakilini kwenye karatasi kabla ya kugusa. Mapambo yarudishwe kwa brashi, kwa umbo na rangi ya wakati wake. Msipokuta pambo, msibuni. Acheni mbao wazi.

Kuhusu nembo na stika

Hapa tunasema kwa upole lakini wazi. Mara nyingi mradi ukimalizika, kitu cha kwanza kuonekana ni stika kubwa ya plastiki yenye nembo ya mfadhili. Juu ya pampu mpya haidhuru. Juu ya mtumbwi uliochongwa kabla ya plastiki kufika kwetu, inafuta historia ile ile tuliyoombewa fedha kuihifadhi. Gundi nayo huharibu mbao. Shukrani iandikwe kwenye kibao kando ya chombo, pamoja na jina la fundi, mwaka wa ukarabati na orodha ya vipande vilivyobadilishwa. Hivyo mfadhili anaheshimiwa, na mzee aliyechonga anaheshimiwa pia.

Wenzetu wa Kilwa Kisiwani wametuonyesha faida ya subira. Magofu yao yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, na baada ya kazi ya ukarabati na ulinzi yakaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Hiyo ni miaka 10. Bajeti ya miezi mitatu haitoshi kwa kazi ya namna hii, na ni vema kamati na wafadhili wakubaliane hilo mapema.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni kitu gani cha zamani katika usharika wetu kimepakwa rangi au saruji kiasi cha kupoteza sura yake?
2. Ni mzee au fundi gani bado anajua kilivyotengenezwa, na nani atakaa naye kujifunza?
3. Katika mradi wetu ujao, jina la mfadhili litaandikwa wapi?