Mwanachuo Wakati wa Misukosuko



Mzazi anayeagana na mtoto wake aendaye chuo kikuu humwusia mambo mawili: asome kwa bidii, na asijitie katika siasa. Wasia huu umejaa huruma. Lakini je, watosha? Ili tupate jawabu, na tuyatazame yaliyopita kwa jirani zetu, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baina ya mwaka 1966 na mwaka 1970; kwani humo mna mafunzo kwa mwana, kwa mzazi na kwa mtawala.

Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1961, kisha kikahamishiwa mahali palipoinuka, nje ya mji, ndipo watu wakapaita Mlimani. Waliobahatika kusoma huko walikuwa wachache sana. Mwaka 1966 Serikali ilikata shauri kwamba kila amalizaye masomo ya juu alitumikie Jeshi la Kujenga Taifa muda wa miaka 2: miezi michache kambini, na muda uliobaki kazini, akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, wamevaa majoho ya chuo, na bango mojawapo lilidai kuwa wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Rais Nyerere aliwasikiliza, kisha akaghadhibika. Alisema mishahara ya wakubwa imezidi mno, akaupunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20. Na wanafunzi 393 wakafukuzwa masomoni wakarejeshwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Funzo la kwanza ni la mwana. Kudai si kosa. Lakini mwenye kudai hupimwa kwa dai lake. Vijana wale walipigania mshahara ambao hata hawajaupata, mbele ya taifa ambalo wengi wa watu wake ni wakulima wasiojua mshahara ni kitu gani.

Funzo la pili ni la mzazi. Mwezi wa Februari 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na hali ya Mlimani ikageuka. Mwaka huo huo wanafunzi, wakiwamo wageni kutoka nchi nyingine za Afrika, waliunda chama cha kusoma na kujadili mambo ya bara lao. Walifanya darasa siku za Jumapili, na miongoni mwa walimu waliokuwa karibu nao ni Walter Rodney, mtu wa Guyana. Mwezi wa Novemba 1969 wakatoa gazeti lao, Cheche. Hapo twaona kwamba kijana hazuiliki kuitazama dunia. Ukimkataza kutazama, atatazama kwa kificho. Ukimfundisha kupima, atatazama kwa akili.

Funzo la tatu ni la mtawala. Mwezi wa Novemba 1970 chama kile kilivunjwa na gazeti likapigwa marufuku. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba jina lake limeazimwa ng'ambo, kwa gazeti la Lenin. Na hili ndilo la kuzingatiwa: wale wa mwaka 1966 waliadhibiwa kwa kujipendelea nafsi zao, na hawa wa mwaka 1970 walinyamazishwa kwa kuyashika maneno ya wakubwa wao kuliko wakubwa wenyewe walivyopenda. Mtawala akitaka wasomi wenye uchungu na watu wao, hana budi kuyavumilia maswali yao. Hawezi kuwataka wafikiri kisha awachagulie mwisho wa fikira.

Basi ewe mzazi, uongeze wasia wako. Mwambie mwanao: soma kwa bidii, mjue anayekugharamia, lisome jambo kabla ya kulipigia kelele, na siku utakapodai, usiisahau haki ya yule asiyeweza kufika Ikulu. Kijana wa namna hiyo huenda akakutia khofu, lakini hatakutia haya.

Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.